Mkeka wa Njano Juu ya Kaburi la Papa Ilunga

Nimerudisha ufunguo wa kibanda cha vifaa, sekateri mbili za kupogolea, na buti za mpira zilizokuwa zinavuja tangu zamani, na sasa ninyi mliobaki kitaluni mnataka niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Sawa. Muda ninao, na mke wangu amechoka kuniona nikipogoa ua wa jirani bila kuombwa. Ila sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini. Mambo hayo yana watu wake wa kuyakumbuka, na hawajayasahau. Nitaandika zaidi habari za mmea mmoja, kwa sababu bado uko pale juu ya meza, na najua kila Jumamosi mmoja wenu anaukata huku akinung'unika kwamba mimi, mzee Leonard, nilizidisha ukali.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Katuba kwa baiskeli, mwezi wa saba, na baridi ya asubuhi ya mwezi huo mnaijua. Nilifika kwenye barabara ya Karavia vidole vimekufa ganzi, nikashindwa hata kufungua geti. Aliyenifungulia alikuwa mtu mfupi, amevaa koti la sufu la kike lenye vifungo vikubwa, na kofia ya mafundi wa reli aliyoachiwa na baba yake. Huyo ndiye Papa Ilunga, mkubwa wa kitalu. Baba yake alikuja kutoka kaskazini mwa Katanga kutengeneza reli, na Papa Ilunga alizaliwa hapa mjini, Kamalondo, akakulia humo, akajifunza maua kwa masista waliokuwa na bustani nyuma ya kanisa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitazama mikono, akanipa ufagio.

"Unafagia kitalu yote," akasema. "Kila kitu kimeota inje ya pot, unang'oa. Hauulizi."

Niling'oa kila kitu bila kuuliza. Saa sita alipopita karibu na bomba la maji alisimama muda mrefu, kisha akaniita. Pale bombani palikuwa na miche sita ya pilipili, na yote ilikuwa imelala katika toroli langu.

"Ile ilikuwa chakula yangu," akasema, na akala bukari, yaani ugali wake, hivyo hivyo, bila pilipili, amekaa mbele yangu ili nione.

Wiki zilizofuata alinifundisha udongo. Udongo wa kichuguu madebe mawili, samadi ya ng'ombe iliyolala msimu mzima debe moja, mchanga wa mtoni debe moja. Unalowesha, unafinya tonge, unaliachia kutoka kwenye urefu wa goti. Likipasuka vipande vitatu au vinne, ni udongo. Likibaki zima, mizizi itakosa pumzi. Likitawanyika, maji yatapita yakienda zake. Hadi leo nikishika tonge la bukari mkono wangu unataka kuliachia, na mke wangu hapendi.

Halafu kuna ile meza. Mnaijua: ile ya zege mwishoni mwa kitalu, miguu yake imesimama ndani ya makopo ya mafuta yaliyokatwa, na kila chungu kina sahani yake chini. Papa Ilunga aliiita buloko, yaani gereza. Humo aliweka mimea ambayo miguu yake haikuruhusiwa kugusa ardhi hata siku moja. Lantana ya rangi mbili, ambayo ndege huila na kwenda kuipanda wanakotaka wao. Gugu la maji la zambarau, ndani ya beseni. Na ule mmea wenye majani ya kung'aa na vijiua vya njano, unaotambaa na kutoa mizizi kila penye kifundo, ambao sisi tuliuita mkeka.

Nilidhani buloko ni ya mimea mibaya. Nilipomwambia hivyo alicheka.

"Mubaya? Uangalie vile iko muzuri," akasema. "Si njo maana iko mu buloko? Mauwa mubaya, nani atakuya kuiba?"

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, tulikata kila tawi lililovuka ukingo wa chungu. Matawi hayo hayakutupwa kwenye takataka, wala hakupewa mtu. Tuliyatandaza kwenye sakafu ya saruji mbele ya kibanda, juani, mpaka yavunjike mkononi. Alikuwa na neno lake juu ya hilo, aliloniambia labda mara mia: "Jua njo kaburi yake," yaani jua ndilo kaburi la mmea huo.

Nisidanganye, niliona ni mambo ya mzee. Mpaka siku ya bwawa. Kulikuwa na nyumba moja kule Karavia, ya mama aliyependa sana vitu vya kupendeza, ambaye alipata gugu la zambarau kwa rafiki yake na kulitia katika bwawa lake la samaki wa rangi. Msimu mmoja wa mvua ulitosha. Tulipoitwa, bwawa lilikuwa limefungwa kabisa, mtu angedhani ni majani ya kukanyaga, na mbwa wa mama huyo alikuwa amekwisha kudhani hivyo. Tulivuta siku tatu. Siku ya tatu mgongo ulikataa, na mimi nikaona njia fupi: nyuma ya ukuta kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua.

"Papa, tutupe tu inje ya mupaka."

Papa Ilunga aliketi kwenye ukingo wa bwawa. "Ule mufereji unaenda wapi?"

"Ku mutoni."

"Na ku mutoni kuko nani?"

Nilijua ni nani. Kule chini kulikuwa na akina mama wanaolima lengalenga, yaani mchicha, na matembele, na mmoja wao alikuwa shangazi yangu. Tulitandaza gugu lote kwenye njia ya saruji ya gari, kutoka getini mpaka mlangoni. Gari ya yule mama haikutoka siku nne. Alipolalamika, Papa Ilunga alivua kofia yake ya reli, akamwambia kwa heshima kubwa kwamba kuna mazishi, na mazishi hayakatizwi.

Papa Ilunga alifariki akiwa bado kazini, mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu mzazi, na sioni aibu kuliandika. Mnajua desturi yetu ya kitalu: mwenzetu akilala, tunampelekea mmea, na aliyefanya naye kazi kwa karibu ndiye anayeutunza. Kwa hiyo nilikuwa mimi. Nilipanda waridi, likakauka mwezi wa saba. Nilipanda begonia, nikabeba maji kwa baiskeli kila siku ya pili, ikafa vilevile. Mwaka uliofuata nilipanda daisi, mbuzi wakaila kabla sijamaliza kurudisha jembe begani. Kaburi la mtu aliyeotesha nusu ya bustani za Karavia lilikuwa tuta jekundu lenye vumbi, na mjane wake, Mama Odile, alikuwa akinitazama tu.

Hapo ndipo nikaenda buloko. Nilikata matawi matano ya mkeka wa njano, nikayafunga katika gazeti lenye maji, nikayapanda juu ya kaburi la mtu aliyenikataza kuyapanda. Nilikuwa na sababu zangu. Mkeka haudai maji. Mbuzi hawaugusi. Na nilijiambia kwamba makaburini hakuna shamba la mtu wala mto, hakuna wa kuumia.

Ulishika. Mwezi wa nane, mji mzima ukiwa na rangi ya matofali, kaburi la Papa Ilunga lilikuwa kijani na njano kutoka kichwani mpaka miguuni. Mama Odile alinishika mikono yote miwili akashukuru. Watu waliokuja kufagia makaburi yao siku ya kuwaombea marehemu walisimama kutazama, wakaomba kipandikizi. Katika kazi yetu mtu akiomba kipandikizi humnyimi. Niliwapa watu wanne, labda watano. Nilijisikia vizuri sana, nasema kweli. Baadaye Mama Odile alihamia Likasi kwa binti yake, nami nikaanza kwenda mara moja kwa mwaka, kisha miaka mingine sikwenda kabisa. Nilikuwa nimekuwa mkubwa wa kitalu, na kazi nilikuwa nayo tele.

Sasa naja kwa Mama Kavira. Wengine wenu mlikuwepo siku aliyoingia, mwezi wa tisa, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, mtu wa Butembo, anayeuza maharagwe kwa jumla. Hakuangalia ua hata moja. Alikuja moja kwa moja kwangu, akafungua mfuko wa plastiki.

"Papa, muko na dawa ya kuua hii majani?"

Ndani ya mfuko kulikuwa na tawi la mkeka, na ua lake la njano juu. Nilimuuliza ameutoa wapi, ingawa nilikuwa najua.

"Ku makaburi. Bwana yangu iko chini yake, lakini sijue ni wapi," akasema. "Nilikwenda Butembo kuuguza mama, nikakaa kule miaka mbili. Nimerudi, makaburi yote imefunikwa. Naangalia huku, ni njano. Naangalia kule, ni njano."

Mume wake aliitwa Paluku, dereva wa malori. Ndugu zake wawili walikuwa njiani kutoka Butembo na wangefika baada ya wiki tatu, kujengea kaburi saruji kabla ya mvua. Walikuwa hawajaliona hata mara moja.

"Nitabaonyesha wapi, Papa?" akauliza, na sauti yake ya sokoni ikapungua. "Batasema nilimuzika ndugu yao kisha nikamutupa. Na batoto yangu njo batasikia hiyo maneno."

Dawa niliyokuwa nayo ingeua majani na kuacha mizizi. Nilimwambia tuende tukaone. Tulikwenda. Lile bonde lote la makaburi, kuanzia kwa Papa Ilunga mpaka ukutani, lilikuwa zulia moja. Misalaba ya mbao ilikuwa imelala na kufunikwa. Vibati vya majina vilikuwa vimemezwa. Nyuki walikuwa wanafanya kazi yao kwa raha, na lazima niseme ukweli wote: palikuwa pazuri mno.

"Nani alipanda hii?" Mama Kavira akauliza.

"Majani ya pori tu, Mama," nikasema. "Inaota yenyewe."

Hilo ndilo neno la aibu kuliko yote niliyowahi kusema nikiwa kazini, na nimewahi kumwambia mteja kwamba mchungwa uliokufa umelala.

Nilianza siku hiyo hiyo. Kila nilipotoka kitaluni nilipitia makaburini na lukasu, jembe langu la mpini mfupi, nikachimba mpaka mwanga ulipoanza kupungua. Mkeka haukatwi kama nyasi. Unaukunja kama zulia, unainua ukingo, unafuata kila uzi mpaka kwenye kifundo, unachomoa kifundo na udongo wake. Kipande cha kidole kimoja kikibaki, umefanya kazi bure. Mlinzi wa makaburi alinipa sakafu ya saruji ya kibanda kilichobomoka karibu na lango, nikawa natandaza humo mizigo ya siku. Mama Kavira alikuja kila alasiri baada ya soko. Alifunga kitenge kiunoni, akavuta, na alivuta vizuri, bila kukata.

Alinipa alama moja tu. Kaburi la Paluku halikuwa na msalaba wa mbao. Madereva wenzake walikata kibao kutoka kwenye mlango wa lori lake la zamani, bati la buluu, wakaandika jina kwa rangi nyeupe, na kitasa cha mlango wakakiacha palepale. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mlango wa lori. Tulipata misalaba kumi na zaidi, tukaisimamisha. Tulipata chupa, sufuria, miwani. Siku ya tatu nililifunua kaburi la Papa Ilunga. Lilikuwa tuta jekundu lenye vumbi kama mwanzo, na juu yake msalaba wa jina lake, umelala, na chungu cha udongo ambacho Mama Odile alikuwa amekifudikiza. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa sauti, na Mama Kavira, aliyekuwa hatua kumi mbele, akageuka akanitazama.

Siku ya nne alileta chakula: bukari, samaki wa kukaanga, na sombe ya majani ya muhogo. Tulikaa kwenye ukuta mdogo. Alinimiminia maji mikononi.

"Papa Leonard, Mungu akubariki," akasema. "Weye hauko hata ndugu yetu. Haumujue Paluku. Na unapiga magoti mu vumbi kwa sababu yetu."

Nilikuwa nimefinya tonge tayari. Sikuweza kulipeleka mdomoni.

"Mama, si majani ya pori," nikasema. "Ni miye niliipanda. Pale, pa kaburi ya mukubwa wangu. Alinikataza, nikaipanda. Kisha nikawapa na bengine. Nilikudanganya."

Alitazama kaburi la Papa Ilunga, akatazama lile zulia lililobaki, tukiwa bado hatujafika nusu, akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Niliona hasira ikipanda usoni mwake na sikujitetea.

"Ulijua inakimbia?"

"Nilijua."

"Na ukaipanda."

"Nilitaka awe na mauwa."

Kisha akasogeza sahani ya samaki upande wangu. "Basi kula," akasema. "Kisha chimba."

Nilikula, nikachimba. Kuanzia hapo alinituma kama mtu anayemtuma shemeji yake, bila tafadhali, na nilishukuru kwa hilo. Nilimfundisha yote Papa Ilunga aliyonifundisha, kwa sababu kufanya kazi na mtu kimya siwezi: kwa nini tunafuata kifundo, kwa nini hatuchomi majani mabichi, kwa nini tunayatandaza, na yule mama wa Karavia ambaye gari yake ilifungiwa na mazishi. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta.

Zilikuwa zimebaki siku mbili wageni wafike. Lukasu liligonga kitu kilicholia kama debe. Niliinua zulia kwa mikono, na chini yake kukatokea kutu, kisha buluu kidogo, kisha kitasa cha mlango. Nilirudi nyuma, kwa sababu haikuwa kazi yangu kumfungulia. Mama Kavira aliondoa majani mwenyewe, akafuta bati kwa ncha ya kitenge mpaka herufi nyeupe zikaonekana. Aliweka mkono juu ya kile kitasa.

"Paluku," akasema polepole. "Kumbe uko hapa tu. Nilikukanyaga juzi, unisamehe."

Nilikwenda kujifanya nafunga mzigo wa majani.

Shemeji zake walifika Jumamosi na mifuko ya saruji. Walikuta kaburi limefagiwa, kibao kimesimama, na pande zote nne ardhi nyekundu tupu. Mama Kavira aliwaonyesha kwa mkono mmoja tu, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba yake. Walisali kwa Kinande, lugha ya kwao, walilia, walichanganya saruji, na mimi nikachota maji. Alinitambulisha kama fundi wa maua. Zaidi ya hapo hakusema.

Kazi ilipokwisha, yule shemeji mkubwa, Muhindo, mtu mpole mwenye kofia mkononi, alienda kunawa karibu na lango. Kwenye ukingo wa ule mzigo nilioutandaza kulikuwa na tawi moja la asubuhi ile, halijanyauka, lina ua la njano. Aliliokota, akaligeuzageuza, akaanza kulifunga ndani ya leso.

"Hii ni maua nzuri," akaniambia. "Nitaipeleka Butembo, nipande pa kaburi ya mama yetu. Shemeji atakubali?"

Miaka yote ya kazi yangu ilikuwa ndani ya ile leso. Nilimwona yeye ni mimi, na gazeti langu lenye maji.

Mama Kavira alimwendea taratibu. Alifungua leso kidole kwa kidole, akalitoa lile tawi, akainama, akalilaza kwenye saruji, mahali jua linapopiga.

"Hapana, shemeji," akasema. "Jua njo kaburi yake."

Alilisema kwa lafudhi ya Butembo, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Muhindo alimtazama, akanitazama, akatikisa leso yake. Mimi nilivua kofia.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yamenikaa. Mengine mtayajua wenyewe kazini: madebe mawili, moja, moja, tonge lipasuke vipande vitatu, sekateri ifutwe kila jioni hata kama hamkuitumia. Buloko ibaki ilivyo. Wateja watawaambia mmea huu ni mzuri, nanyi mtawajibu kwamba ndiyo, ni mzuri. Na Jumamosi kateni kabla ya kazi nyingine yoyote, mkinung'unika au bila kunung'unika.

Mimi Jumamosi napita makaburini na lukasu langu. Kila mvua zikianza, hapa na pale huchungulia jani moja la kung'aa, nami nalifuata mpaka kwenye kifundo. Mama Kavira huja akiwa na nafasi, na samaki, na bado ananituma. Kaburi la Papa Ilunga liko wazi, jekundu, limefagiwa, na chungu chake sasa kimesimama wima, kitupu. Mwanzoni niliona ni umaskini. Sasa naona jinsi jina lake linavyosomeka msalabani ukiwa bado langoni, na ninaridhika.

Nimewaambia wanangu, na ninyi nawaambia, kwa sababu desturi yetu naijua na mikono yenu naijua. Siku yangu ikifika, msiniletee chochote chenye mizizi. Leteni ufagio.